Bakuli la Umuhire

Mwizi aliacha redio. Aliacha spika mpya, akaacha birika la umeme na saa ya ukutani iliyokuwa ikienda vizuri. Alichobeba ni kadi za karatasi ngumu zenye picha za rangi, pamoja na bakuli la plastiki lenye mfuniko, ambalo jana yake lilikuwa na viazi vya chai ya mapumziko.

Inspekta Gatesi alisimama mbele ya kabati lililo wazi, mikono nyuma. Miaka yake ya upelelezi Gisenyi alikuwa ameshughulikia mafuta ya magendo, simu, pikipiki, na mara moja mbuzi wa harusi. Kadi za kujifunzia Kiingereza hajawahi.

"Kufuli iko salama, afande," alisema Sajenti Sano. Sano alizaliwa Mbarara, na Kiswahili chake kilikuwa na viraka vya Kiingereza. "Madirisha yote yamefungwa kwa ndani. Hakuna scratch."

"Alama za vidole?"

"Nyingi kuliko tunavyohitaji. Darasa zima linafungua kabati hili."

Darasa lenyewe lilikuwa chumba kimoja mtaa wa Nengo, na wanafunzi wake walikuwa watu wazima waliokuja alasiri baada ya kazi. Mwalimu Ritah, aliyerudi kutoka Kampala na rangi zake ndani ya begi, ndiye aliyechora kadi zote kwa mkono wake. Sasa alikaa kwenye dawati la mbele, macho mekundu.

"Nieleze kadi hizi zinafanya kazi gani," Gatesi alimwambia.

"Ni za maneno yanayosikika sawa, Inspekta. Mimi nikisema 'spring,' mchezaji ainue chemchemi ya maji moto, ainue springi ya kitanda, ainue na majira ya maua. Nikisema 'iron,' ainue pasi, halafu ainue chuma. Neno moja mdomoni, picha mbili tatu mezani. Akisahau moja, amepoteza pointi."

"Na kwa nini mtu aziibe?"

"Jumamosi tunashindana na darasa la Kanama. Lakini wao wana kadi zao. Zetu hazina faida kwa mtu mwingine yeyote, ndiyo maana siwezi kuelewa."

Mtu wa nne chumbani alielewa, au alijiona ameelewa. Huyu alikuwa Laurence, mwenyekiti wa kamati ya darasa, mpokea wageni katika nyumba moja ya kulala wageni karibu na ziwa. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi hadi likakasirika.

"Afande, ufunguo iko moja," alisema. "Na mutu mwenye ufunguo iko moja. Donc, basi, mi sione kitu ya kutafuta."

Mtu huyo mmoja alikuwa amesimama mlangoni na ufagio. Umuhire alikuwa mjane kutoka Kanama, mfagiaji na mlinzi wa darasa. Kazi hiyo ilimpa pia chumba kidogo nyuma ya jengo, alimolala na wanawe. Kamati ilikuwa imeshamnyang'anya ufunguo na kumpa neno lake: kadi zisipopatikana hadi Ijumaa, aondoke na vitu vyake. Na kuondoka kwa namna hiyo, Nengo, maana yake ni kuondoka na jina la mwizi. Nani angempa mwizi ufunguo mwingine?

Gatesi alimkalisha.

"Darasa liliisha, ukafanya nini?"

"Nilifagia, afande. Njo nikafunga mulango."

"Hukutoka hata kidogo kabla ya kufunga?"

"Hapana."

"Mvua ilianza lini?"

"Bantu banatoka tu, mvua ikakamata."

Gatesi aliomba kukiona chumba chake. Hakikuwa na mengi: kitanda, sanduku, jiko la makaa, na juu ya kitanda rundo la nguo za watoto zilizokunjwa vizuri. Inspekta aliweka kiganja juu ya rundo lile. Zilikuwa kavu, na bado zilinukia sabuni.

"Hizi ulifua jana?"

"Ndiyo."

"Ukazianika wapi?"

Umuhire aliinyoosha nguo ya juu. "Ku kamba ya jirani. Kule chini."

"Mvua ya jana ilijaza mitaro, mama. Lakini nguo za watoto wako zimekauka. Nani alikimbia kuzianua?"

Mwanamke yule alikaa kitandani, akafunika uso kwa kitenge.

"Mana yanjye, Mungu wangu," alisema. "Nilikimbia, afande. Mulango niliacha wazi. Nilisema ni dakika kidogo tu, njo jirani akaniita nimusaidie na zake. Nikirudi, sikuangalia ndani ya kabati. Nilifunga tu. Sheria ya kamati inakataza kuacha mulango. Ningesema aje?"

"Ungesema hivyo hivyo ulivyosema sasa," Gatesi alijibu, lakini kwa upole. Uongo wa aina hii aliujua. Ni uongo wa mtu asiye na mahali pengine pa kwenda.

Nje, Sano alikuwa na furaha ya mtu aliyepata jibu. "Basi yeyote aliyepita aliingia, afande. Tuna mji mzima."

"Hatuna mji mzima. Aliyepita tu angebeba spika. Huyu alikuja kwa ajili ya kadi, na kulikuwa na mvua. Kadi ni karatasi, rangi zake zingetiririka. Akamwaga viazi vilivyobaki kwenye ndoo ya taka, bado vimo, akazitia kadi ndani ya bakuli ambalo Umuhire huletea viazi darasani, akafunika. Mwizi wetu anazipenda kadi hizi, Sano. Ni mtu wa darasa."

Walianza na Laurence, kwa sababu Ritah aliwaambia kwamba wiki iliyopita Laurence aliomba kadi akajisomee nyumbani, akanyimwa.

"Ulikuwa wapi mvua ilipoanza?"

"Grande Barrière, kule mpakani. Wageni yangu balikuwa banatoka Goma."

"Nani alikuona?"

"Wageni benyewe. Na chauffeur wa gari. Na ule polisi yenu wa pale, aliniambia nitoe voiture kwenye njia." Laurence alinyoosha kola. "Mi niliomba kadi, ndiyo. Patron yangu wa kazi anataka nijue Kiingereza ya wageni. Kuomba ni makosa?"

Sano alipiga simu mpakani. Polisi wa pale alilikumbuka gari, na alimkumbuka Laurence zaidi, maana alibishana naye. Jina lake likafutwa.

Latif, mwanafunzi mwingine, dereva wa pikipiki, alikuwa nje ya mji kwenye mazishi ya mjomba. Waliobaki walikuwa wameondoka pamoja, wamejibanza chini ya baraza moja hadi mvua ikakatika, kila mmoja akimtaja mwenzake. Wote isipokuwa mmoja.

Dauda alikuwa fundi cherehani, nahodha wa darasa, mtu wa ukoo uliofika Gisenyi zamani na vitambaa vya biashara kichwani. Mji mzima ulimwita Muzee Dauda. Kibanda chake kilitazama barabara, na hapo mlangoni alikuwa ameinamia koti, akisukuma cherehani kwa mguu.

"Karibu, afande. Hapa iko kiti."

Gatesi aliketi. Kwenye mto mdogo wa sindano, pembeni mwa mashine, sindano zilikuwa zimejipanga, kila moja imeshatiwa uzi: nyeusi, nyeupe, nyekundu, buluu.

"Umejiandaa vizuri, mzee."

"Ni mama Hakimu huyo, muke wangu. Ananitilia asubuhi, mi nashona siku yote. Inarahisisha kazi."

"Jana baada ya darasa ulikwenda wapi?"

"Nilirudi hapa."

"Na mvua?"

"Ilininyeshea. Mutu hayeyuki, afande."

"Ritah anasema hakuna anayekushinda kwa maneno yale."

Uso wa mzee ulifunguka. "Ah, yale maneno ni matamu. Hata siye tunayo, Kiswahili. Kaa. Kaa ni kukaa, kaa ni makaa, kaa ni ule mududu wa maji. Mi nikisikia neno, naona nyumba yenye milango mingi. Naingia yote."

"Jumamosi mtashinda?"

"Kama kadi zitapatikana." Aliinamia koti tena. "Lakini Umuhire hana kosa. Huyo mama ni mutu wa haki."

"Sijakuuliza juu ya Umuhire."

"Mwenye ufunguo njo wa kwanza kushukiwa. Ni vile siku zote."

"Ni kweli. Ijumaa kamati inamfukuza, na chumba wanamtoa."

Mguu wa fundi ulisimama juu ya kanyagio. Cherehani ikakata mlio wake.

"Kumufukuza?" aliuliza. "Na batoto?"

"Na watoto."

Gatesi alimshukuru, akaondoka na shaka mkononi lakini bila ushahidi hata wa kujaza kijiko. Angeweza kuomba kibali cha upekuzi. Ila kumpekua mzee wa heshima mbele ya barabara, halafu usikute kitu, ni kumfanyia yeye yale yale anayofanyiwa Umuhire. Aliamua kusubiri hadi kesho.

Kesho ilifika na bakuli.

Umuhire alikuja kituoni mwenyewe asubuhi, amelikumbatia kama mtoto mgonjwa. Alikuwa amelikuta kizingitini alipofungua mlango wa chumba chake, limeoshwa, limefunikwa. Kadi hazikuwemo.

"Lilikuwa tupu?" Sano aliuliza.

Umuhire alitazama sakafu. "Lilikuwa na vitumbua."

"Na nini?"

"Vitumbua, afande. Vya muchele. Vilijaa mpaka juu." Alifunua mfuniko. "Batoto balikula mbele sijafikiri. Kimoja tu njo kimebaki."

Sano aliangua kicheko. "Afande, huyu ni mwizi gani? Anaiba, anaosha vyombo, analeta breakfast?"

Gatesi hakucheka. Alikichukua kile kitumbua, akakinusa. Iliki. Akakimega, na ladha ile ikamrudisha Kigoma, kwenye ua aliokulia kabla familia yake haijarudi Rwanda. Jirani yao wa Kiislamu alikuwa akileta sahani ya futari, na mama yake Gatesi hakuthubutu kuirudisha ikiwa tupu. Siku ambayo nyumbani hapakuwa na kitu, ilirudi na chumvi. Lakini ilirudi na kitu.

"Vilikuwa vya moto?"

"Vuguvugu."

"Basi vimepikwa alfajiri, na karibu," Gatesi alisema. "Sano, mwizi angelitupa bakuli hili ziwani. Aliyelijaza si mwizi. Ni mtu aliyekuta chombo cha watu jikoni kwake, akaambiwa ni cha Umuhire, akadhani Umuhire alileta zawadi. Mtu huyo hawezi kukiacha kitoke nyumbani kwake kitupu. Angeona aibu."

"Nyumba zinazokaanga vitumbua vya iliki ni nyingi Nengo, afande."

"Za wanafunzi wa darasa ni mbili, ya Latif na ya Dauda. Latif hana mke wala jiko, anakula mkahawani."

Mama Hakimu aliwapokea uani, mikono imejaa unga. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, na aliwaletea vigoda kabla hawajasema walichofuata.

"Salaam alaykum, mama," alisema Gatesi. "Nimekuja kushukuru. Vitumbua vya Umuhire nilionja kimoja."

"Alaykum salaam. Aksanti, binti yangu." Mama Hakimu alitabasamu. "Sukari ilitosha? Muzee aliniambia Umuhire alimupatia viazi, njo bakuli ikabaki hapa. Nikamwambia haitatoka hapa hivi, mbele ya kuswali nikakaanga. Alitaka kuibeba tupu, fikiria. Waume."

Sano alikohoa. Gatesi aliangalia mlango wa chumba cha ndani, ambako kivuli kilikuwa kimesogea.

"Mzee yuko?"

"Iko ndani. Toka juzi anashona tu, hata kula hataki."

Dauda alitoka mwenyewe. Alishika fremu ya mlango kwanza, kisha ukuta, kisha bega la mkewe. Mkononi alikuwa na kadi.

"Mwache mama Hakimu," alisema. "Yeye hajue kitu."

"Kaa, mzee," alisema Gatesi. "Tuanze mwanzo. Ulirudi darasani?"

"Nilirudi."

"Kwa nini?"

"Mi nilitaka kuziomba kwa mwalimu. Nikakuta mulango wazi, hakuna mutu. Nikasema, bon, Mungu amenifungulia." Alitikisa kichwa. "Haikuwa Mungu."

"Ulizitakia nini?"

Mzee alimpa kadi aliyoshika. Ilikuwa na picha ya pasi ya makaa. Gatesi aliigeuza, asione kitu. Ndipo kidole chake kikagusa ukingo. Pale pembeni palikuwa na mishono midogo ya uzi, fundo moja, nafasi, mafundo mawili, imeshonwa kwa ustadi hata haionekani.

"Pasi," alisema Dauda. "Chuma iko na mafundo matatu bila nafasi. Kila picha na mafundo yake. Nilikuwa karibu kumaliza. Nilitaka leo nizirudishe kabatini, hakuna mutu angejua."

Gatesi alizitazama sindano zilizotiwa uzi, ambazo sasa zilikuwa zimechomwa kwenye kola ya mzee. Akaelewa asubuhi zile za mama Hakimu.

"Macho, mzee. Tangu lini?"

"Toka mwaka jana. Ukungu. Kwanza nikafikiri ni taa." Alijipangusa uso. "Neno ya kwanza kunishinda ilikuwa 'pupil.' Picha mbili: mwanafunzi, na mboni ya jicho. Neno mi nalijua, afande, hata usiku uniamushe. Lakini nikaangalia meza, sikuona mwanafunzi, sikuona jicho. Niliona rangi tu. Nikainua kadi mbili za bahati, zikawa zile zile. Bantu bakapiga makofi. Mi nikaenda nyumbani nikalia."

Mama Hakimu alikuwa ameketi chini, mikono bado ina unga. "Mi nilijua sindano," alisema polepole. "Sikujua ni hivi."

"Ungemwambia Ritah," Sano alisema. Kiingereza chote kilikuwa kimemtoka.

"Na kesho Nengo yote inajua. Fundi haoni. Nani ataniletea nguo? Nani atanipa shati ya mtoto wake nikate?" Sauti ya mzee ilipasuka. "Jumamosi ningesimama mbele ya bantu ba Kanama na ba hapa, wote. Nikikosea, cherehani imekufa. Njo nikaiba. Na ukaniambia Umuhire anafukuzwa, nikasema nitashona haraka, nizirudishe mbele ya Ijumaa. Nilishona mpaka vidole vikatoka damu. Lakini kusema, nilishindwa. Hiyo njo aibu yangu kubwa, kuliko kuiba."

Gatesi alisikia huruma, akaiacha imkae, kisha akasimama.

"Maneno haya hayanitoshi mimi peke yangu, mzee. Yuko mtu anafunga vitu vyake."

Darasani walimkuta Umuhire akiviringisha godoro. Laurence alikuwepo, na ufunguo shingoni, na Ritah alikuwa akijaribu kuchora upya picha ya popo. Dauda alishikwa mkono na mkewe hadi katikati ya chumba. Hakukubali kiti. Alisema yote, bila kupunguza, akiwa amegeukia upande ambao alidhani Umuhire amesimama. Alikuwa amekosea kidogo. Umuhire alisogea hatua moja ili awe pale alipotazama.

Alipomaliza, mama Hakimu aliweka kadi mezani. Ritah alizipapasa moja moja kwa vidole vyake vilivyochafuka rangi.

"Umezishona zote," alisema.

"Zimebaki popo na gongo, za 'bat.'"

"Kwa hiyo kesho utazishona, halafu wiki ijayo nakupeleka hospitali ya macho. Na Jumamosi unacheza." Alimgeukia Gatesi. "Sheria inasema mchezaji ainue kadi. Haisemi aijue vipi, kwa jicho au kwa kidole. Malalamiko yangu nayaondoa, Inspekta."

"Mali imepatikana," alisema Gatesi kwa sauti ya kazi. "Sajenti, andika hivyo."

Laurence alivua ufunguo shingoni, akamwendea Umuhire, akauweka katika kiganja chake na kukifunga kwa mikono yake yote miwili.

"Unisamehe, mama," alisema. "Nilikimbiza mudomo."

Umuhire aliukaza ufunguo mkononi. Alitoka, akaingia chumbani kwake nyuma. Walisikia sanduku likifunguliwa. Mzee sasa alikaa, ameinamisha kichwa, akisubiri matusi, na kusema kweli alistahili kuyapata.

Umuhire alirudi na kitenge kipya, bado kimekunjwa na karatasi ya dukani. Akakiweka juu ya magoti ya mzee.

"Hii nilinunua kwa ajili ya Pasaka," alisema. "Sijapata fundi."

"Umuhire," Laurence alinong'ona, "lakini umesikia, muzee haone vizuri..."

"Nilisikia. Mama Hakimu atatia uzi."

Dauda alikifungua kitenge, akakisugua kwa kidole gumba, upande mmoja, halafu wa pili, akaujua upande wa nje. Akainuka, akapima bega la Umuhire kwa shubiri, kisha mkono hadi kifundo, midomo ikihesabu bila sauti. Alipofika mwisho, alikuwa fundi tena.

"Mikono mirefu ama mifupi?" aliuliza.

"Mirefu," alisema Umuhire. "Na uniwekee mufuko, Muzee. Wa kutia ufunguo."